Jinai, Mikataba na Familia ya Kiislamu: Jinsi ya Kuyasoma Masomo Matatu Bila Kuyachanganya

Kila muhula mpya ukianza, simu yangu hujaa maswali yale yale. "Mimi si Mwislamu, nitafaulu vipi mambo ya talaka na mirathi?" "Nimesoma chuoni Qur'ani tangu nikiwa mdogo, mbona nimepata thelathini na saba?" "Nikariri kesi ngapi?" "Tuko Nairobi, bei ya shamba la Mwingereza wa mwaka 1840 inatuhusu nini?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja usiku, kwa hiyo nimeandika jibu moja refu. Ukiniuliza tena, nitakutumia hili.

Nilisomea shahada ya sheria hapa hapa Nairobi, miaka minne, na katika masomo haya matatu kuna moja nililolirudia. Utalijua mbele. Nilichojifunza ni kwamba wengi hatuanguki kwa uvivu. Tunaanguka kwa sababu tunayasoma yote matatu kwa mkono mmoja. Jinai inataka uvunje kosa vipande vipande. Mkataba unataka uyapange maneno kwa saa yalivyosemwa. Familia ya Kiislamu inataka kwanza uulize uko mbele ya mlango gani, kabla hujafungua mdomo kuhusu fungu la mke. Ukishika hayo, mengine ni kazi tu.

Andaa haya kabla ya kuanza

- Madaftari matatu tofauti. Usiyaunganishe, hata kama fedha ni kidogo.
- Katiba ya 2010. Itaingia katika masomo yote matatu.
- Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, na Sheria ya Utaratibu wa Jinai, Sura ya 75.
- Sheria ya Mikataba, Sura ya 23. Ni fupi mno, utaimaliza kabla chai haijapoa.
- Sheria ya Mahakama za Kadhi, Sura ya 11. Sheria ya Ndoa ya 2014. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013. Sheria ya Urithi, Sura ya 160.
- Qur'ani yenye tafsiri ya Kiswahili, na kitabu kimoja cha fiqhi (elimu ya sheria za Kiislamu) cha madhehebu unayofundishwa.
- Karatasi za mitihani ya nyuma, angalau za miaka mitatu.
- Kikokotoo cha kawaida. Cha simu hakiingii chumba cha mtihani.

Sheria zote hizo zinapatikana bure kwenye tovuti ya Kenya Law, pamoja na hukumu za mahakama. Usinunue vitabu vya sheria zilizochapwa vinavyouzwa vibandani kabla hujaangalia ni vya mwaka gani.

Hatua ya 1: Soma maswali kabla ya majibu

Wiki ya kwanza, kabla mhadhiri hajaanza kukimbia, kaa na karatasi za nyuma. Usijaribu kujibu. Andika tu mada zinazorudi. Utaona kwamba katika mikataba ofa na ukubali hazikosekani, katika jinai mauaji na wizi wa mabavu hazikosekani, na katika familia ya Kiislamu mamlaka ya kadhi na mirathi hazikosekani.

Angalia pia silabasi yako. Sheria ya familia ya Kiislamu inaweza kuwa somo la kujitegemea, au ikawa imewekwa ndani ya somo la familia na urithi. Kama ni sehemu tu, usiipe nusu ya muhula.

Hatua ya 2: Hakikisha sheria unayoisoma bado iko hai

Hatua hii inawaangusha watu wenye akili. Mwanafunzi anarithi noti za mkubwa wake, zimeandikwa vizuri, zimepigwa mistari ya rangi, lakini zimekufa. Mifano miwili ya karibu:

Noti nyingi za zamani zinasema mtoto wa miaka minane anaweza kuwajibika kwa kosa la jinai. Sheria ya Watoto ya 2022 ilipandisha umri huo hadi miaka 12. Ukiandika nane leo, msahihishaji anajua mara moja umenakili.

Noti nyingine zinasema kesi ya Muruatetu ya 2017 iliondoa hukumu ya kifo Kenya. Haikuiondoa. Mahakama ya Juu ilisema kwamba *kumlazimisha* jaji atoe hukumu ya kifo kwa kosa la mauaji ni kinyume cha Katiba. Mwaka 2021 mahakama hiyo hiyo ikafafanua kwamba uamuzi ule ulihusu mauaji peke yake. Hukumu ya kifo bado imo vitabuni, ingawa hakuna mtu aliyenyongwa nchini tangu 1987.

Kwa hiyo, kwa kila kifungu unachokiandika daftarini, fungua maandishi yenyewe ya sheria na uweke tarehe pembeni: "nimekagua Februari". Ni dakika mbili.

Na kabla sijasahau, majina ya mahakama. Kwetu Kenya, Mahakama Kuu iko chini, juu yake Mahakama ya Rufaa, na juu kabisa Mahakama ya Juu. Ukisoma makala ya Tanzania utakuta Mahakama ya Rufani ndiyo ya mwisho. Nimeona mtu akiandika "Mahakama Kuu" akimaanisha ya Juu, na jibu zima likapinduka.

Hatua ya 3: Jinai, livunje kosa hadi libaki mifupa

Chukua kila kosa ulilofundishwa, uligawe safu mbili: upande mmoja kitendo, upande wa pili nia. Wahadhiri watakuimbia Kilatini, actus reus na mens rea. Maana yake ni hiyo tu. Chini yake weka safu ya tatu: utetezi gani unaweza kuingia.

Tufanye mfano mmoja kikamilifu, kwa sababu huu hutoka mara kwa mara kwa sura tofauti.

Vijana wawili wako kwenye bodaboda pale Ngara. Aliyekaa nyuma ananyoosha mkono, ananyakua simu ya abiria aliyekaa dirishani kwenye matatu. Wanakimbia.

Kosa gani? Mwanafunzi wa kwanza ataandika "wizi" na kwenda kulala. Wa pili ataandika "wizi wa mabavu, kifo". Wote wawili wamekosea njia hata kama mmoja atabahatisha jibu. Pita hivi:

a) Kifungu cha 268: je, ni wizi? Alichukua kitu kinachoweza kuibwa, bila haki, kwa hila, akikusudia kumnyima mwenyewe moja kwa moja. Ndiyo. Wizi wa kawaida adhabu yake, kifungu cha 275, ni hadi miaka mitatu.

b) Je, kilitolewa mwilini mwa mtu? Simu ilikuwa mkononi. Basi tumehamia kifungu cha 279, na dari limepanda hadi miaka 14.

c) Kifungu cha 295: je, alitumia nguvu au alitishia kutumia nguvu wakati wa kuiba, au mara tu kabla, au mara tu baada, ili aipate au abaki nayo? Hapa ndipo swali lilipo. Kama simu ilichomoka kama samaki, huna nguvu ya kutosha kuitaja. Kama abiria aliishikilia, wakavutana, mkono ukachanwa na kioo cha dirisha, sasa unazo.

d) Ikiwa jibu la (c) ni ndiyo, basi kifungu cha 296(2) kinaingia, kwa sababu walikuwa wawili. Kifungu hicho kina njia tatu: kuwa na silaha ya hatari, *au* kuwa na mwenzako mmoja au zaidi, *au* kumjeruhi au kumpiga mtu. Moja latosha. Usiandike kwamba lazima zote tatu ziwepo.

Unaona? Kuvutana kwa sekunde mbili kumeipeleka kesi kutoka kifungo hadi hukumu ya kifo. Msahihishaji anataka aone umesimama pale kwenye (c) na kuhangaika. Alama ziko kwenye kuhangaika.

Kisha geukia dereva wa boda. Hakugusa simu. Kifungu cha 20 na cha 21, washiriki na nia ya pamoja, ndivyo vinavyomnasa au kumwacha. Uliza alijua nini, na tangu lini.

*Onyo.* Usimpe mshtakiwa mzigo wa kuthibitisha. Tangu kesi ya Woolmington ya 1935 kanuni ni kwamba upande wa mashtaka ndio unaothibitisha, pasipo shaka ya msingi. Na kifungu cha 50 cha Katiba yetu kinasema kila mshtakiwa hana hatia mpaka ithibitishwe vinginevyo. Sentensi kama "mshtakiwa alishindwa kuonyesha kwamba hakuiba" inafuta nusu ya alama zako. Wazimu ni habari nyingine: sheria inamchukulia kila mtu ana akili timamu, kwa hiyo anayedai hakuwa nazo ndiye aonyeshe.

*Onyo jingine.* Usichanganye kosa na utaratibu. Kumkamata mtu na kumweka siku nne bila kumfikisha kortini ni kuvunja kifungu cha 49 cha Katiba, kinachotaka afikishwe ndani ya saa 24 au siku inayofuata ya mahakama. Lakini hilo halimaanishi kwamba hakuiba.

Hatua ya 4: Mikataba, chora saa

Kwanza jibu la swali la shamba la Mwingereza. Kifungu cha 2 cha Sura ya 23 kinasema sheria ya mikataba ya Uingereza, ile ya mahakama zao pamoja na kanuni za usawa, inatumika Kenya. Ndiyo maana unasoma kesi za London. Hakuna siri nyingine.

Halafu chora mstari mrefu kwenye karatasi, uandike saa chini yake. Kila ujumbe uuweke mahali pake. Mfano wa kubuni:

Saa 2 asubuhi, Abdalla wa Eastleigh anamwandikia Wanjiru wa Gikomba: "Belo la jinzi, 18,000. Nijibu kabla ya saa 6."
Saa 3, Wanjiru: "Nipe kwa 15,000."
Abdalla kimya.
Saa 5, Wanjiru: "Haya basi, 18,000, natuma sasa hivi."
Saa 5 na nusu, Abdalla: "Nishauza."

Wanjiru amekasirika, anataka kumshtaki. Unamwambiaje?

Saa 2 kuna ofa. Saa 3 Wanjiru hakukubali wala hakukataa tu. Alitoa ofa yake, na ofa ya namna hiyo huiua ile ya kwanza. Hiyo ndiyo Hyde dhidi ya Wrench, 1840: mwenye shamba alitaka pauni 1,000, mnunuzi akasema 950, akakataliwa, akarudi na 1,000, mahakama ikasema umechelewa, hakuna cha kukubali tena. Kwa hiyo ujumbe wa saa 5 ni ofa mpya ya Wanjiru, na Abdalla ana uhuru wa kuikataa. Kimya chake cha katikati hakimfungi, kwani kimya si ukubali: Felthouse dhidi ya Bindley, 1862.

Sasa badilisha neno moja. Saa 3 Wanjiru aseme: "Naweza kulipa kwa awamu mbili?" Hapo hajabadilisha bei, ameuliza tu. Kesi ya Stevenson dhidi ya McLean, 1880, inamwokoa: kuuliza hakuui ofa. Saa 5 akikubali, mkataba upo. Mtihani hupenda kucheza hapo hapo, kati ya kupunguza bei na kuuliza.

Badilisha tena. Je, Abdalla angeweza kuuza saa 4 ilhali alisema "kabla ya saa 6"? Ndiyo, kama hakulipwa chochote ili asubiri. Ahadi tupu ya kusubiri haimfungi. Lakini lazima kujitoa kwake kumfikie Wanjiru kabla hajakubali. Kama hakumjulisha, na habari haikumfikia kwa njia nyingine ya kuaminika, Wanjiru akikubali saa 4 na nusu, Abdalla ana kesi ya kujibu.

Mazoezi ya mstari wa saa ni bora kuliko kukariri kesi mia. Kesi ishirini ukizijua vizuri, jina, mwaka, kilichotokea kwa mstari mmoja, na kilichoamuliwa kwa mstari mmoja, zinakutosha kwa mikataba. Orodha yangu huanza na Carlill ya 1893, kampuni iliyoahidi pauni 100 kwa atakayeugua baada ya kutumia moshi wao wa dawa, na ikasema imeweka pauni 1,000 benki kuonyesha haitanii. Huwezi kuweka pesa benki kisha ukasema ulikuwa unatania.

Kuna vitu viwili vya kwetu ambavyo wanafunzi husahau kabisa kwa sababu vitabu vikubwa ni vya Kiingereza. Kimoja, kifungu cha 3(3) cha Sura ya 23: mkataba wa kuuza ardhi lazima uandikwe, utiwe saini na wote, na saini zishuhudiwe. Swali likiwa na ploti ya Ruai iliyouzwa kwa kupeana mikono hotelini, usianze na ofa na ukubali. Anza hapo. Cha pili, National Bank of Kenya dhidi ya Pipeplastic Samkolit ya 2001: mahakama haiandiki upya mkataba wa watu kwa sababu umewaumiza. Ukitaka kumwokoa mteja, tafuta udanganyifu, shinikizo au kosa. Usilie tu kwamba bei ilikuwa mbaya.

*Onyo.* Kitu kilichopangwa kwenye rafu au dirishani si ofa, ni mwaliko. Kesi ya Fisher dhidi ya Bell ya 1961 inakufundisha hili, na inafurahisha kwa sababu ni kesi ya jinai: mwenye duka alishtakiwa kwa "kuofa" kisu, akaachiliwa kwa sababu kisheria kukiweka dirishani si kuofa. Iandike kwenye madaftari mawili.

Hatua ya 5: Familia ya Kiislamu, uliza mlango kwanza

Hili ndilo somo nililolirudia. Mimi ni mtoto wa Majengo, Pumwani. Mirathi nilifundishwa nikiwa na kanzu ya mtoto. Swali lilikuwa la marehemu Mwislamu, wajane wawili, mmoja Mkristo, na ndugu waliotaka kwenda kwa kadhi. Nilipiga hesabu kurasa tatu bila kosa hata moja. Nilipata alama nne kati ya ishirini. Swali halikuuliza fungu. Liliuliza ni mahakama gani inasikiza.

Kwa hiyo, kila swali la familia ya Kiislamu, andika haya matatu juu ya ukurasa kabla ya kitu kingine:

i. Jambo lenyewe ni hadhi ya mtu, ndoa, talaka au mirathi?
ii. Pande *zote* ni Waislamu?
iii. Pande zote zimekubali mamlaka ya kadhi?

Hayo yametoka kifungu cha 170(5) cha Katiba. Moja likikosekana, kadhi hana mamlaka. Kwa swali langu, mjane Mkristo alitosha kuifunga mlango ile korti. Kesi inakwenda Mahakama Kuu. Lakini sheria haibadiliki kwa kubadilisha jengo: kifungu cha 2(3) cha Sheria ya Urithi kinasema mali ya marehemu Mwislamu inagawanywa kwa sheria ya Kiislamu hata Mahakama Kuu. Korti ni swali moja, sheria ni swali la pili. Ningeandika sentensi hizo mbili tu ningefaulu.

Kadhi hahukumu jinai. Hamfungi mume aliyempiga mke kwa kosa la kupiga. Hilo linakwenda kwa hakimu chini ya Sura ya 63. Na rufaa ya kutoka kwa kadhi huenda Mahakama Kuu, ambako Kadhi Mkuu au makadhi wawili huketi kama washauri wa jaji.

Ukishapita mlango, fuata mpangilio huu: madhehebu gani (hapa kwetu wengi ni Shafii, lakini Nairobi ina Mahanafi na Mashia wa aina zaidi ya moja, soma swali), kanuni ya fiqhi inasemaje, halafu sheria iliyotungwa inasemaje, halafu Katiba. Sheria ya Ndoa ya 2014 inaweka umri wa miaka 18, inataka msimamizi awe kadhi, sheikhe au imamu aliyeidhinishwa na msajili, na kifungu cha 71 kinaiacha talaka ya Kiislamu kwa sheria ya Kiislamu. Sheria ya Mali ya Ndoa inasema Mwislamu *anaweza* kutawaliwa na sheria ya Kiislamu. Piga mstari chini ya "anaweza".

Kwa wasio Waislamu: huhitaji Kiarabu. Unahitaji maneno kama ishirini na tano, na mengi unayajua tayari kwa Kiswahili. Mahari, talaka, eda, rejea, wasia, mirathi, walii. Jifunze tofauti moja ambayo haitakuacha: *talaka* huanza kwa mume; *khului* huanza kwa mke, anayerudisha mahari au anachokubaliana na mumewe; *faskhi* hutolewa na kadhi kwa sababu iliyothibitishwa. Na eda, muda wa kusubiri kabla ya kuolewa tena: twahara tatu (vipindi vya usafi kati ya hedhi) kwa aliyeachwa anayepata hedhi, kwa hesabu ya Shafii, miezi mitatu kwa asiyepata hedhi, miezi minne na siku kumi kwa mjane, mjamzito mpaka ajifungue.

Kwa Waislamu: ulichofundishwa chuo cha Qur'ani ni sahihi kwa chuo hicho. Mwaka 2025 Mahakama ya Juu iliamua kwamba watoto waliozaliwa nje ya ndoa wasibaguliwe katika kurithi mali ya baba yao Mwislamu. Unaweza kutokubaliana nao. Andika hoja yako, ukitumia kifungu cha 24(4) cha Katiba. Lakini usiandike kana kwamba uamuzi huo haupo.

Hatua ya 6: Hesabu ya mirathi

Mpangilio haubadiliki: gharama za mazishi, madeni, wasia usiozidi theluthi moja na usiokwenda kwa mrithi, kisha mafungu, kisha asaba (warithi wanaochukua kinachobaki).

Marehemu ameacha shilingi 2,700,000, mke mmoja, mama, wavulana wawili na msichana mmoja. Mazishi 40,000. Sacco inadai 160,000. Mahari ya mke, 100,000, hayakulipwa. Wasia hakuna.

Mahari yasiyolipwa ni deni, si zawadi. Mke anayapata kabla ya kugawa, na fungu lake bado liko pale pale. Toa jumla ya 300,000, zinabaki 2,400,000.

Mke, kwa kuwa kuna watoto: 1/8 = 300,000.
Mama: 1/6 = 400,000.
Zinabaki 1,700,000 kwa watoto, mvulana sehemu mbili, msichana moja. Sehemu ni 5, kila moja 340,000. Kila mvulana 680,000, msichana 340,000.

Jumlisha tena: 300,000 + 400,000 + 680,000 + 680,000 + 340,000 = 2,400,000. Usiondoke kwenye swali kabla hujajumlisha.

Makosa matatu ninayoyaona kila mwaka: kuwapa wake wawili 1/8 kila mmoja (wanagawana 1/8 hiyo moja), kumpa binti nusu wakati ana kaka (nusu ni yake akiwa peke yake bila kaka), na kushtuka mafungu yakizidi moja. Mume na dada wawili wa baba na mama mmoja: 1/2 na 2/3, jumla 7/6. Hapo kuna auli, yaani mafungu yote hupunguzwa kwa uwiano: saba inakuwa ndiyo kigawanyo, mume 3/7, dada 4/7 wanagawana. Hakuna aliyekosea, ndivyo inavyokwenda kwa Sunni.

Hatua ya 7: Nenda kortini

Milimani, Makadara, Kibera. Kesi za jinai kwa kawaida ziko wazi kwa umma. Fika kabla ya saa 3 asubuhi, zima simu, inama ukiingia, kaa nyuma. Sikiliza jinsi mwendesha mashtaka anavyouliza: kila swali lake linatafuta kipande kimoja cha kosa. Siku moja pale ni sawa na mihadhara mitatu. Kesi za familia mara nyingi husikizwa faragha, usijisikie vibaya ukiombwa utoke.

Utasikia Kiswahili kingi, kwa sababu lugha ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili, ya Mahakama Kuu ni Kiingereza. Jifunze maneno yote mawili mapema.

Hatua ya 8: Andika kwa saa

Kila wiki swali moja kwa kila somo, dakika 40, bila daftari. Kila aya ijibu mambo manne: swali ni lipi, kanuni ni ipi, ukweli wa hapa unakaaje nayo, basi jibu ni nini. La tatu ndilo linalobeba alama nyingi, na ndilo watu huliruka.

Ukikwama

*Nasoma kifungu sikielewi.* Mweleze shangazi yako kwa Kiswahili, kwa mfano wa sokoni. Ukikwama katikati ya maelezo, hapo ndipo hujaelewa. Kisha kiandike kwa Kiingereza.

*Nasahau majina ya kesi ndani ya mtihani.* Andika kilichotokea: "kesi ya shamba la pauni 1,000". Ni bora kuliko kubuni jina. Jina la uongo linaonekana.

*Kikundi chetu cha kusoma kimekuwa cha porojo.* Punguzeni hadi watu wanne na kila mmoja aje na jibu lililoandikwa. Asiye na karatasi anunue chai ya wote.

*Mhadhiri na kitabu wanapingana.* Fungua sheria yenyewe. Kama bado hujui, andika pande zote mbili na useme unafuata upi na kwa nini. Hasa kwenye talaka tatu za mkupuo mmoja: wanazuoni walio wengi wanazihesabu tatu, mwanazuoni Ibn Taymiyya alizihesabu moja, na swali mara nyingi linataka uonyeshe unazijua kauli zote mbili.

*Muda umeniishia, bado wiki mbili.* Acha noti. Chukua karatasi za nyuma tu. Jinai: wizi hadi wizi wa mabavu, mauaji na kuua bila kukusudia, kujitetea. Mikataba: ofa, ukubali, kila upande unatoa nini, ardhi. Familia: mlango, aina za kuvunja ndoa, hesabu tano za mirathi.

*Nimeanguka tayari.* Omba kuiona karatasi yako kama chuo kinaruhusu, kabla ya kurudia. Mimi nilidhani nimeonewa mpaka nilipoisoma tena lile swali, neno la kwanza likiwa "mamlaka".